Saa Inayokuja Mara Mbili

Tumainieli Mgonja ni mtu wa Mhezi, kule juu kwenye milima ya Upare ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni na watoto wanakwenda shule wamevaa sweta juu ya sweta. Riziki yake, hata hivyo, ilikuwa chini, Same mjini, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Nassoro. Chumba kilikuwa na dirisha linalotazama milima. Siku alipokipanga alikipenda kwa sababu ya dirisha hilo. Baadaye alilitundikia pazia zito, na mtu akimuuliza alisema ni kwa ajili ya jua.

Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Waliomwajiri wako Marekani, kampuni ambayo mlango wake hajawahi kuuona. Walimpata mtandaoni wakati ametoka chuo Arusha na anazunguka na vyeti. Programu yao inapanga zamu za watu wanaotunza wazee katika nyumba za wazee: nani anaingia, nani anatoka, nani anampokea nani. Zamu ya mtu ikiisha, programu inamtumia ujumbe kwenye simu kwamba sasa anaweza kwenda kwake.

Kwa kuwa wenzake huko waliamka yeye akiwaza chakula cha jioni, Tumainieli alianza kazi alasiri na kulala kunapokucha. Mkewe Agape alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mhezi, akiishi na mama mkwe wake, Hedwiga. Kule juu mtandao ulikuwa unashika na kuachia. Ukisimama karibu na tangi la maji la shule uliweza kuongea na simu, lakini kazi ya kampuni isingewezekana. Basi wakakubaliana: mume abaki Same, awe anapanda Jumamosi, na mke abaki na mama. Walisema ni kwa mwaka mmoja tu, halafu wataangalia.

Kilichomfunga kilikuja kwa sura ya sifa.

Sehemu kubwa ya Marekani hubadili saa mara mbili kwa mwaka. Machi wanairusha mbele. Novemba, Jumapili ya kwanza, ikifika saa nane usiku kwao, wanairudisha hadi saa saba, na ile saa nzima iliyokwisha kupita inakuja tena. Siku alipomweleza mama yake jambo hili, Hedwiga alikuwa akichambua maharage ya makande, akasimamisha mikono.

"Wanarudisha saa?"

"Ndiyo, mama."

"Na jua nalo linarudi?"

"Hapana. Jua liko palepale."

"Sasa wanamdanganya nani?"

Tumainieli alicheka siku hiyo. Hakuwa bado amelitafakari sana jambo lenyewe.

Programu ya kampuni iliandikwa zamani na watu waliokwisha kuondoka, na waliiandika kama mtu anavyoandika ukutani: "zamu inaisha saa saba na nusu usiku." Haikusema saa saba na nusu ipi. Siku zote nyingine haikuwa na shida. Ila usiku ule mmoja wa Novemba kulikuwa na saa saba na nusu mbili, na mashine haikujua tofauti yake. Ilimruhusu mtu wa kwanza aondoke saa saba na nusu ya mwanzo, na ikamwambia wa kumpokea aje saa saba na nusu ya pili. Katikati ya hizo mbili, wazee walilala ndani ya nyumba isiyo na mtu macho.

Tumainieli aliligundua kosa hilo mwaka wake wa kwanza, na muda wa kulirekebisha ndani ya programu haukuwepo tena. Akafanya alichoweza. Alikaa mbele ya kompyuta, akafungua ratiba za nyumba moja baada ya nyingine, akazisahihisha kwa mkono mashine ikiwa inatembea. Kwa kuwa Marekani ni pana, hawabadili saa kwa pamoja. Wa pwani ya mashariki wanaanza, wa magharibi wanamaliza, na kwa saa zetu ni kuanzia saa tatu asubuhi ya Jumapili mpaka adhuhuri. Saa za ibada, kwa kifupi. Alipomaliza, shati lilikuwa limemgandia mgongoni. Mkuu wake wa kazi, mama mmoja mcheshi ambaye daima alionekana kwenye kioo cha kompyuta akiwa na kikombe mkononi, alimpongeza mbele ya kampuni nzima. Akamwita "mtu wetu wa saa."

Machi ilipofika, walimtafuta mtu wao wa saa. Novemba nayo, hivyohivyo.

Dawa yenyewe aliijua. Programu iache kutunza saa za ukutani. Itunze saa moja tu ya dunia, ile isiyorudishwa wala kurushwa, pamoja na jina la mji, kisha imgeuzie kila mtu saa ya kwake pale anapotaka kuisoma. Aliwaeleza wakubwa zaidi ya mara moja. Walimsikiliza vizuri. Walikubali kwamba ni sahihi. Halafu walisema kumbukumbu za miaka yote zimeandikwa kwa mtindo wa zamani, kuzigeuza ni kazi kubwa, na mwaka huu kuna mambo ya haraka zaidi.

"Na kwa kweli hatujawahi kupata tatizo," mkuu alisema siku moja.

"Hamjapata kwa sababu ninakaa hapa kulizuia."

"Ndiyo maana tunakushukuru sana, Tumaini."

Baada ya mazungumzo hayo alikaa muda mrefu akitazama pazia. Alikuwa ameona kitu ambacho hakukiona mwanzo. Kadiri alivyoifanya kazi ile vizuri, ndivyo wasivyoona haja ya kuimaliza. Angeifanya vibaya, wazee wangeumia. Hakuna upande aliouona wa kutokea.

Kuacha kazi alikufikiria. Lakini nyumba ya mama ilikuwa imeezekwa kwa kazi ile, wadogo zake wawili walikuwa chuoni kwa kazi ileile, na kila alipopanda Mhezi watu walimpa mkono kwa heshima, kijana anayefanya kazi Marekani bila kuondoka Upareni. Mtu angemwambia nani kwamba amechoka kukaa kwenye kiti?

Siku za kawaida zilianza kufanana. Aliamka jua likiwa limepita utosi, bati likilia kwa joto, upepo wa Same ukisukuma vumbi chini ya mlango. Alinunua chipsi mayai barabarani, mahali mabasi ya Arusha na Dar yanaposimama kidogo na kuondoka. Aliwatazama abiria wakishuka kunyoosha miguu na kupanda tena. Kisha alirudi chumbani. Wenye maduka walimsalimu "Umeamkaje?" wakati wao wamekwisha kuuza nusu siku, na utani huo ulikuwa wa kweli kuliko walivyojua.

Agape alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Victoria. Jumamosi ya kwanza baba alipofika na mfuko wa matunda, mtoto alimtazama kwa utulivu. Alipofikisha umri wa kutambua watu, alianza kumlilia. Hedwiga alisema ni meno.

"Si meno, mama," Tumainieli alisema. "Ananiona mgeni."

Ndipo alipoomba msaidizi. Kampuni ikakubali, kwa sharti kwamba amtafute mwenyewe na kumfundisha mwenyewe. Akampata Fadhila, binti wa mfanyabiashara mmoja wa Mwanga, mwepesi wa akili na mwepesi wa kucheka, aliyekuwa akitengeneza tovuti za shule. Alikuja Same mara kwa mara, wakakaa meza moja mlango ukiwa wazi, Mzee Nassoro akiwaletea kahawa. Fadhila alielewa haraka. Jumapili ya Machi walifanya pamoja, na kwa mara ya kwanza Tumainieli alimaliza shati likiwa kavu mgongoni.

Wiki iliyofuata Fadhila alimpigia simu.

"Kaka Tumaini, shikamoo. Usikasirike na ninachotaka kukwambia."

"Marahaba. Sema."

"Nimepata nafasi Dodoma. Naondoka."

Tumainieli akamuuliza, "Kazi hii ina nini?"

"Kazi haina kitu. Ila siku ile nilikutazama wewe. Uliniambia tukimaliza tutakula pilau kwa Mzee Nassoro. Tumemaliza, ukabaki umekaa unaiangalia mashine kana kwamba itakuita. Nikasema, na mimi nitakuwa hivi. Wamekuweka humo ndani kaka, wakasahau kwamba kuna mtu."

Alimtakia heri. Hakumlaumu, wala hakuomba msaidizi mwingine.

Ubatizo wa Victoria ulikuwa umeahirishwa mara mbili, zote kwa sababu ya baba. Mchungaji Sifael alikuwa na mitaa mingi ya kuhudumia, na alipopanga tena siku ya ubatizo pale Mhezi, iliangukia Jumapili ya kwanza ya Novemba. Agape alimwambia mumewe wakiwa wamekaa nje, mtoto akiwa amelala mgongoni mwa bibi yake.

"Ongea na mchungaji asogeze wiki moja," Tumainieli alisema.

"Sitaongea naye."

"Agape, unajua siku hiyo ikoje."

"Najua. Kila mwaka najua. Ibada zote za mavuno, kipaimara cha mdogo wako, harusi ya kaka yangu iliyoingia mpaka Jumapili. Najua hizo saa za watu kuliko ninavyojua za kwetu." Hakupaza sauti. "Safari hii sisogezi. Ukiwepo, utamshika mtoto. Usipokuwepo, atashikwa na mama."

Aliporudi Same aliwaandikia wakubwa kwamba siku hiyo hatakuwepo. Waliuliza nani atakuwepo. Akasema wachague. Walimchagua kijana mmoja wa hukohuko, na Tumainieli akakaa naye kwenye kioo jioni baada ya jioni, akamwonyesha kila hatua. Kijana alikuwa mchangamfu. Kila alipoulizwa kama ameelewa, aliinua kidole gumba.

Jumapili ilipofika Tumainieli alikuwa Mhezi, amevaa suti ya harusi yake, iliyombana kidogo tumboni. Kanisa lilijaa. Nje ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba, na ndani kwaya iliimba kwa sauti zinazogonga bati. Ibada ilianza saa tatu. Alijua maana ya saa tatu. Alijitahidi kuimba. Mchungaji Sifael alipowaita wazazi mbele, Agape alimpa mtoto, na Victoria, labda kwa sababu ya umati, alimshika baba yake shingoni kwa mikono yote miwili, akang'ang'ania. Maji yalipomgusa alipiga chafya. Watu wakacheka kwa furaha. Tumainieli naye alicheka, na kwa kitambo kile, anasema mwenyewe, hakuwa kwenye saa yoyote.

Baada ya ibada waliandaa chakula uani kwa Hedwiga. Alikaa, akala, akapokea pongezi. Watu walipoanza kuongea ya mashamba na barabara ya Makanya iliyoharibiwa na mvua, aliinuka kama anayekwenda haja, akapanda mpaka kwenye tangi la maji la shule. Simu ilipopata mtandao ilianza kutetemeka, na haikuacha.

Kijana yule alikuwa amefanya kazi ya pwani ya mashariki vizuri. Alipomaliza alidhani amemaliza nchi nzima, akaenda kulala. Maelekezo yote aliyoonyeshwa kuhusu kanda nyingine za saa yalikuwa yamempita. Katika nyumba moja ya katikati ya nchi, mtunzaji alipata ujumbe kwamba zamu yake imekwisha, akavaa koti, akaondoka. Mwenzake alikuwa bado kwake. Bibi mmoja asiyejijua vizuri aliamka, akafungua mlango, akatoka kwenye baridi na gauni la kulalia. Dereva wa gari la mikate alimkuta amekaa kando ya barabara. Alikuwa hai. Alipelekwa hospitali.

Agape alimfuata, kwa sababu wageni walikuwa wakimuulizia. Alimkuta amesimama, simu mkononi, hasomi tena.

"Kuna nini?"

Akamweleza. Alieleza kwa mpangilio, kama anavyowaeleza wakubwa, mpaka alipofika kwa yule bibi. Hapo akampa simu asome mwenyewe.

"Ni kosa lako?" Agape aliuliza.

"Nilijua litatokea."

"Ulijua ukawaambia. Miaka yote umewaambia."

"Ningekuwepo lisingetokea."

"Ungekuwepo huko, usingekuwepo hapa." Aliona macho ya mumewe yameelekea barabara ya kushuka. "Unataka kushuka."

"Magharibi bado kuna nyumba zinazotakiwa kupangwa upya. Ujumbe umekwenda ovyo, watu hawajui waingie lini. Nikipata gari sasa hivi..."

Gari lilikuwepo, Noah iliyoleta ndugu wa Agape kutoka Makanya, na dereva alikuwa tayari ameshashiba. Tumainieli alishuka nalo akiwa na suti yake. Hakuaga watu wote. Hedwiga alimfungia chakula kwenye chombo cha plastiki. Agape alisimama mlangoni na mtoto mkononi, akampungia mkono wa mtoto, kwa kuwa mtoto mwenyewe alikuwa akitazama kuku.

Yule bibi wa Marekani alipona. Waliomtunza walieleza hivyo, na Tumainieli alimwomba mkuu wake amsomee maneno hayo mara ya pili. Sasa kampuni iliona haja. Wakubwa walewale waliosema hakuna tatizo walisema lazima programu igeuzwe, mara moja, na mtu wa kuigeuza ni mmoja.

Ilimchukua zaidi ya mwaka. Kuandika upya programu ilikuwa sehemu nyepesi. Ugumu ulikuwa kwenye kumbukumbu za zamani. Kila Novemba iliyopita ilikuwa na zamu zilizoandikwa saa saba na kitu, na hakuna aliyeweza kusema ni saa saba ya mwanzo au ya marudio. Aliandika barua pepe kwa nyumba za wazee, akauliza watu wakumbuke. Wengine walikumbuka kwa sababu mzee fulani alifariki usiku huo, au theluji iliwahi. Kwa zamu zisizo na mtu wa kukumbuka, aliongeza alama inayosema wazi kwamba haijulikani. Mkuu alitaka achague mojawapo ili mambo yapendeze. Alikataa, na hilo ndilo jambo moja ambalo alishinda.

Novemba ya kwanza ya programu mpya ilipita kimya. Aliitazama mashine tangu saa tatu mpaka adhuhuri, na saa ile ilikuja mara mbili bila zamu hata moja kukosewa. Alizima kompyuta, akalala kitandani na viatu.

Siku chache baadaye mkuu wake alimwita kwenye kioo, anatabasamu, kikombe mkononi. Kampuni ilikuwa imenunua kampuni nyingine, kubwa zaidi, yenye programu ya zamani zaidi. Ugonjwa wake ni uleule.

"Tumesema mara moja, tunaye mtu wetu wa saa!"

Tumainieli alianza kucheka. Alicheka mpaka mkuu akauliza kama mtandao una shida. Alipotulia aliomba mambo mawili: waajiriwe watu wawili wa kufanya kazi naye, na Jumapili asiguswe. Mkuu aliandika, akasema ataliuliza jambo hilo kwa wenzake. Bado wanauliza.

Hakuacha kazi. Wadogo zake hawakuwa wamemaliza chuo, na mahali pengine pa kwenda hakupaona. Jioni ile alimpigia Agape, akamweleza. Agape alikuwa karibu na tangi la maji, upepo ulisikika.

"Kama wewe huwezi kupanda," alisema hatimaye, "sisi tutashuka."

"Na mama?"

"Nimeongea naye. Anasema joto la Same si la kuzeekea. Atabaki."

Uhamisho ulipatikana, shule moja pembezoni mwa mji. Mzee Nassoro aliwaongezea chumba cha pili kwa kutoboa mlango ukutani. Hedwiga alibaki Mhezi na kuku wake, na sasa wanaompandia Jumamosi ni watatu, wakipata nafasi.

Asubuhi moja, si muda mrefu tangu wahamie, Tumainieli aliamka katikati ya usingizi wake wa mchana. Alisikia mnong'ono upande wa pili. Agape alikuwa shuleni, na binti wa jirani aliyekuwa akimwangalia mtoto alikuwa uani akifua. Aliinuka, akasogeza mlango. Victoria alikuwa amekaa sakafuni na mwanasesere wa matambara. Alikuwa amemziba mdomo kwa kiganja, anamwambia polepole, "Shii. Usicheze. Baba kalala."

Akasimama pale akiwa peku. Mtoto aliyezaliwa mlimani, aliyezoea kukimbiza kuku na kupiga kelele mpaka bondeni, alikuwa tayari amejifunza kuishi kwa sauti ya chini.

Aligeuka, akafungua lile pazia zito la dirisha lake. Jua liliingia lote kwa pamoja, na mtoto akafumba macho. Tumainieli alimnyanyua, yeye na mwanasesere wake, akatoka naye nje kwenye upepo na vumbi, na usingizi bado ukimvuta kope.

"Piga kelele," alimwambia.

Victoria alimtazama, asijue kama ni kweli anaruhusiwa.